Shajara ya mchezo wa redio "Mume wa Kolwezi"

24 Mei

Leo tumemaliza kusoma kwa sauti rasimu ya kwanza ya sehemu zote sita, ambazo kila moja inakadiriwa kuchukua dakika 20. Hadithi yenyewe ni fupi kueleza. Mama Kasongo anaishi mtaa wa Katuba pamoja na mwanawe; mumewe hufanya kazi mgodini Kolwezi, kilometa zipatazo 300 kutoka hapa Lubumbashi, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja anarudi mtu mwenye sura yake, sauti yake, kovu lake la kwenye paji la uso na kumbukumbu zake zote, lakini mama huyo anajua tangu kizingitini kwamba siye. Msikilizaji atagundua polepole kwamba wamekuja viumbe kutoka nje ya dunia, na kwamba wanachukua nafasi za watu mmoja mmoja bila kelele. Hakuna chombo cha angani kitakachotua popote.

Fundi wetu wa sauti alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja lililoniharibia jioni yote: "Sasa msikilizaji ataonaje?"

Ana haki. Hadithi za aina hii zimejengwa juu ya jaribio, yaani njia ya kumtenga mtu halisi na nakala yake, na majaribio hayo karibu yote ni ya macho. Katika hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, watu waliokwama Antaktika wanagusa damu ya kila mwenzao kwa waya uliotiwa moto ili waone kama itajitetea, na John Carpenter aliifanya damu hiyo iruke mbele ya kamera mwaka 1982. Katika riwaya ya Robert Heinlein ya 1951, viumbe wanang'ang'ania mgongoni, kwa hiyo mwananchi mwema anatakiwa kuvua shati ili athibitishe kuwa ni wake mwenyewe. Katika tamthilia ya televisheni ya 1967 na 1968 ambayo wazee wetu waliosoma Kifaransa wanaikumbuka kwa jina la Les Envahisseurs, wavamizi wengi walikuwa na kidole kidogo kisichokunjika, na walipouawa waliwaka rangi nyekundu wakatoweka, hivyo yule msanifu majengo David Vincent akabaki kila mara hana cha kuwaonyesha polisi. Redio haina kidole wala mgongo, na damu yake ni maji ya bombani yanayomiminwa kwenye bakuli.

2 Juni

Tumejaribu sauti ya yule kwa njia tatu. (Katika kikosi chetu tumekubaliana kumwita kiumbe aliyechukua nafasi ya mume "yule" na wenzake "wale". Neno "mgeni" tumelikataa, kwa sababu katika mji huu limekwisha kubeba mizigo mingine, nami nitalirudia jambo hilo.)

Njia ya kwanza ilikuwa kuitia sauti yake mwangwi na mlio wa chuma. Waigizaji wote walicheka, na mtoto anayecheza nafasi ya Kasongo aliomba aazimwe sauti hiyo ampigie simu mwalimu wake. Tuliiacha palepale.

Njia ya pili ilikuwa kumwondolea pumzi. Fundi aliketi saa tatu nzima akikata, moja baada ya nyingine, kila pumzi iliyosikika kati ya sentensi za mwigizaji wetu. Matokeo yalitisha kweli, lakini kwa dakika moja tu. Baada ya hapo sikio linazoea, kisha linaanza kudhani kwamba mitambo ina kasoro.

Njia ya tatu ilitokana na ajali. Siku tuliyopanga kurekodi mazungumzo ya mezani, mwigizaji wa yule hakufika, kwa hiyo Mama Kasongo alisema maneno yake peke yake, na siku ya pili yake mwanamume akasema yake peke yake. Tulipoziunganisha sauti mbili, chumba kizima kilinyamaza. Hakuna aliyeweza kutaja kilichokosekana, mpaka mwigizaji wetu mkongwe, yule bibi anayecheza nafasi ya nyanya wa jirani, aliposema: "Hamwitikii." Mtu wa hapa akisimuliwa jambo hakai kimya. Huingiza "eee", huingiza "kweli", hushangaa kabla ya wakati, humalizia sentensi ya msimuliaji na mara nyingi huimalizia vibaya. Yule hakuingiza chochote. Alingoja mama amalize, kisha akajibu kwa usahihi na kwa upole, kila mara baada ya kimya kilekile.

Tumeifanya kuwa kanuni: yule hajibu kabla ya sekunde moja kutimia, hamkatizi mtu, na haitikii. Naipenda alama hii kwa sababu si ushahidi. Mume aliyetoka zamu ya usiku haitikii vilevile, wala mtu mwenye deni asilotaka kulitaja. Isitoshe, kwa mambo mengine yote yule ni bora kuliko aliyetangulia: anaamka mapema, hanywi, anatengeneza mlango uliolegea tangu mwaka jana. Methali inayompa mgeni jembe siku ya tatu haimsumbui. Yeye analiomba siku ya kwanza. Mama mkwe wa Mama Kasongo anashangaa: "Bwana yako analeta makuta yote ku nyumba, halafu unalia?"

9 Juni

Umeme ulikatika siku nne mfululizo, kwa hiyo hatukurekodi lolote. Nimeandika upya sehemu ya pili kwa mkono, nimejifunika moja ya mablanketi tuliyoyatundika ukutani kuzuia mwangwi. Baridi ya Juni haikubaliani na kalamu.

Kila ninayemweleza mradi huu ananiuliza kama wale wanakuja kuchukua kobalti ya migodi yetu. Jibu ni hapana. Wakija kuchukua kobalti, hadithi itakuwa ya kobalti, na watu wa Katanga hawahitaji viumbe wa anga ili waelewe namna jiwe linavyoondoka. Hata hivyo nimeandika pembeni, kwa ajili ya siku nyingine, kwamba hofu ya miaka ya 1950 iliyozaa hadithi hizi Marekani ilikuwa pia hofu ya bomu la atomiki, na kwamba sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

15 Juni

Siku kubwa katika mradi huu. Rafiki mmoja anayesomea udaktari ameniletea maelezo juu ya ugonjwa unaofanana na hadithi yetu kiasi cha kuniudhi.

Mwaka 1923 madaktari wawili wa Ufaransa, Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux, walieleza habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba mumewe na watoto wake wameondolewa na mahali pao pamewekwa watu wanaofanana nao. Waliwaita watu hao wa kufanana "masosi", neno ambalo kila mtu wa Lubumbashi aliyepita shule analitumia bila kujali lilikotoka. Linatokana na mtumishi Sosie katika mchezo wa Molière wa mwaka 1668: mungu Mercure anajivika umbo la mtumishi huyo na kulinda mlango, huku Jupiter, aliyejivika umbo la mwenye nyumba, akiwa ndani na mke wa mwenye nyumba. Molière naye aliichukua hadithi hiyo kwa Plautus, Mrumi aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa hiyo mume bandia aliyeshuka kutoka juu ana umri mkubwa kuliko darubini.

Lililonisimamisha lilikuwa mbele zaidi. Mwaka 1990 Hadyn Ellis na Andrew Young walipendekeza kwamba ubongo huitambua sura ya mtu kwa njia moja, na kwa njia nyingine huamsha ule mstuko mdogo wa kuona mtu wako. Njia ya pili ikikatika peke yake, mgonjwa anaona uso ulio sahihi kabisa usiomgusa moyo, na akili yake inatafuta maelezo: basi huyu ni wa kuigiza. Kisha mwaka 1997 V. S. Ramachandran na William Hirstein walieleza habari za kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Akiwatazama wazazi wake aliwaita walaghai. Wakizungumza naye kwa simu aliwatambua bila shaka yoyote, kwa maana sikio lina njia yake.

Nilikuwa nimehangaika majuma matatu kwa kuwa redio haina uso, kumbe mgonjwa huyo alikuwa amenionyesha kwamba msikilizaji wa redio, saa zote, ni mtu aliye kwenye simu.

Muundo mpya basi ni huu. Yule akiwa mbele yake, Mama Kasongo anasema siye. Mumewe akipiga simu kutoka Kolwezi, anasema ndiye, na anacheka naye kama zamani. Katika sehemu ya pili muuguzi wa zahanati atamweleza kwa heshima habari zote za sura na simu, na ninataka msikilizaji amwamini muuguzi huyo kabisa. Jack Finney, ambaye hadithi yake ya 1954 juu ya maganda makubwa yanayozaa nakala za watu ilifanywa filamu mwaka 1956 na kurudiwa mara kadhaa baadaye, alifanya jambo la karibu na hilo: kwanza anatokea mwanamke anayesema mjomba wake si mjomba wake, ingawa kumbukumbu zote zipo na kinachokosekana ni hisia tu, na madaktari wana maelezo mazuri tayari. Maelezo mazuri ndiyo yanayowapa wale muda. Kisha, mwishoni mwa sehemu ya tatu, simu inalia kutoka Kolwezi wakati yule ameketi mezani anakula.

21 Juni

Leo tumebishana juu ya lugha. Mwenzetu mmoja, aliyekulia Kigoma, alitaka waigizaji wote wazungumze Kiswahili cha taarifa ya habari ili mchezo uvuke mpaka. Nimekataa. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilizoesha masikio ya mji huu kusikia Kiswahili chake chenyewe redioni na kwenye televisheni, na mama wa Katuba akisema "huyu si mume wangu" atakuwa yeye ndiye nakala.

Atasema: "Huyu haiko bwana yangu." Sikio la pwani litadhani ni kosa la ngeli. Lakini kwetu "iko" inafanya kazi mbili, ya kuwa na ya kuwapo, na kwa hiyo sentensi hiyo moja inabeba mashtaka mawili: huyu siye, na wangu hayupo. Nimejaribu kuitafsiri kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza upande mmoja, nimeshindwa. Mtu wa Kigoma mwenyewe alikubali baada ya kuisikia mara ya pili.

28 Juni

Tumerekodi chakula. Fundi hakutaka sauti ya kuigiza, kwa hiyo tulipika bukari (ugali) ya kweli na sombe (kisamvu), tukaweka kipaza sauti kimoja karibu na sahani na kingine kwenye kizingiti cha jiko. Kinachosikika, kwa utaratibu: mwiko unakwangua ukuta wa sufuria, maji yanamiminwa mikononi, kiti kinavutwa, kisha kutafuna. Kutafuna ndiko kulikotuchukua asubuhi nzima. Mwigizaji wa yule alitafuna kwa kufuata saa ya ukutani, na tulimzuia asimeze kwa sauti. Mtoto Kasongo anasimulia habari za mpira shuleni na anajibiwa baada ya sekunde moja.

Hapo simu inalia. Nilikuwa nimeandika kwamba yule anaacha kula. Tulijaribu mara tano, na kila mara ilikuwa kama filamu mbaya. Mara ya sita nilimwambia asiache: aendelee kutafuna kwa mwendo uleule huku Mama Kasongo akiitazama simu, akiipokea, na sauti ya mumewe ikisema kutoka mbali, "Mama Kasongo, jambo. Munakula?" Mwigizaji wa kike aliangusha sahani bila kuagizwa. Sahani imebaki. Imebaki pia sauti ya mbwa wa jirani, ambaye alibweka tangu asubuhi na kunyamaza palepale kwa sababu zake mwenyewe.

6 Julai

Sehemu ya tano imebomoka, na ilistahili kubomoka.

Katika rasimu yangu vijana wa mtaa, baada ya kujua kwamba wale wapo, wanasimama kwenye njia panda jioni na kumsimamisha kila apitaye. Wanamweleza kisa kifupi na kusikiliza kama anaitikia. Asiyeitikia anawekwa kando. Nilikuwa nimeiandika kwa fahari, kama ushindi wa akili ya mtaani juu ya akili ya mbinguni, na mwishoni wanamkamata kweli mmoja wa wale.

Bibi anayecheza nyanya alisoma kurasa tatu, akaweka karatasi magotini. Alisema: "Hii haiko ya ku mbingu. Hii ilipita hapa, ku mulango yetu."

Hakuna aliyehitaji kuulizwa zaidi. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi mno wenye asili ya eneo jirani la Kasai, wakiwamo waliozaliwa papa hapa Katanga na wazazi waliozaliwa papa hapa, walifukuzwa makwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, na wengi walilala majuma kwa majuma kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Wao pia walifanana na majirani zao. Wao pia walitambuliwa kwa jina, kwa lafudhi, kwa jambo dogo ambalo mtu mwingine aliamua kwamba ni alama. Ndiyo sababu hatutumii neno "mgeni", na ndiyo sababu nimeona haya kwamba niliichukua tahadhari hiyo kwenye neno nikaisahau kwenye tendo.

Nimeirudia orodha yangu ya tarehe 24 Mei kwa jicho jingine. Katika hadithi hizi anayeshika waya wa moto huwa na haki, kwa sababu mwandishi amekwisha mhakikishia kwamba miongoni mwa waliofungwa kwenye viti kuna asiye mtu. Maishani hakuna mwandishi wa kumhakikishia mshika waya.

Sijaifuta njia panda. Nimeiandika upya usiku huohuo. Vijana wanasimamisha watu vilevile, kwa kanuni ileile ya kuitikia. Wanayemkamata ni muuza mkate ambaye sikio lake moja halisikii, na aliyesimuliwa kisa upande wa sikio hilo. Miongoni mwa wanaomhoji yumo yule, aliyekwisha kusoma makosa yake na kujifunza. Sasa anasema "eee" mahali panapostahili, kwa sauti kubwa kuliko wote. Bibi aliisoma, akaomba jambo moja tu: kilio cha muuza mkate kisisikike, isikike baiskeli yake ikianguka.

13 Julai

Mtu wa Kigoma ametusaidia kuliko tulivyostahili. Wakati wa chai alisimulia habari za msukule kama zinavyosimuliwa Tanzania: mtu anafariki, ndugu wanalia, wanazika, kumbe walichozika ni gogo la mgomba lililovikwa sura yake, na yeye mwenyewe yuko hai mahali, hana ulimi, anamlimia mchawi usiku. Wazee wa hapa wakamjibu kwa visa vya batumbula vya enzi ya Mbelgiji, wale watekaji wa usiku waliosemekana kuwachukua watu njiani na kuwapeleka kwa Wazungu.

Nilichoka kuandika, lakini nililiona jambo. Kwa Finney nakala inaishi na mwenyewe anasambaratika kuwa vumbi akiwa usingizini. Katika habari za msukule mambo yamegeuzwa: nakala inakufa na mwenyewe anaishi, akifanya kazi. Hadithi yetu ilikuwa imeacha swali wazi, kwamba anayepiga simu kutoka Kolwezi ni nani, nami nilikuwa nikijidanganya kwamba uwazi huo ni ufundi. Sasa ninajua. Ni mume mwenyewe. Hakuuawa, yuko chini, anachimba, hajui kwamba mtu mwenye sura yake amerudi nyumbani mwisho wa mwezi badala yake. Anadhani hajapewa likizo.

20 Julai

Kituo kitakachotangaza mchezo kimesikia sehemu nne na kimeomba mambo mawili: mtangazaji aseme kwamba hadithi hii ni ya kubuni, na daktari atokee mwishoni aeleze kwamba mama huyo alikuwa mgonjwa na amepona.

La kwanza nimelikubali mara mbili. Orson Welles alipotangaza uvamizi wa viumbe wa Mirihi redioni tarehe 30 Oktoba 1938, tangazo la mwanzo liliwapita waliofungua redio kwa kuchelewa. Magazeti yalikuza mno habari za taharuki iliyofuata, lakini somo la ufundi linabaki. Tangazo letu litasomwa mwanzoni mwa kila sehemu na tena katikati. La pili nimelikataa. Filamu ya 1956 ilikusudiwa kuisha na mtu anayepiga kelele barabarani katikati ya magari yasiyosimama. Studio ikaongeza hospitali mwanzoni na mwishoni ili mtazamaji arudi nyumbani ametulia. Kituo kimesema kitafikiri.

Mwisho wetu umerekodiwa jana. Ni usiku. Mama Kasongo, chini ya blanketi, anamsimulia mumewe kwa simu yote yaliyotokea, kwa kunong'ona, na kutoka Kolwezi mumewe anaitikia: "eee". Anaendelea kusimulia. "Eee", inatoka kwenye simu, na "eee" nyingine inatoka sebuleni, gizani.

Sauti zote mbili ni za mwigizaji mmoja, na fundi alikuwa ameziweka moja kushoto na moja kulia. Kwenye vipokea sauti vya masikioni inasimamisha nywele. Kwenye simu ya kawaida yenye spika moja, ziliungana zikawa "eee" moja nene, na hadithi ikaisha bila mtu kuelewa kwamba imeisha. Tumeisogeza ile ya sebuleni nyuma kwa robo ya sekunde na kuipunguzia ukali. Kesho asubuhi tutaijaribu kwenye redio ndogo ya betri ya mama anayeuza makaa nje ya lango letu, bila kumwambia asikilize nini.